Kabla hujaandika "Wakatoliki": kutembelea makanisa ya Mtwara na Lindi

Kosa la kwanza la wageni wanaopita Masasi na kuandika walichokiona ni hili: mtu anaingia kanisani, anakuta ubani, kengele, padre kavaa kasula, waumini wanafanya ishara ya msalaba. Akitoka anaandika "Wakatoliki". Kumbe alikuwa kwa Waanglikana. Anglikana ya kusini ililelewa na UMCA, misheni iliyoshika mapokeo ya kikatoliki ndani ya Uanglikana, na "Misa" na "padre" ni maneno yao pia. Kwa hiyo macho hayatoshi. Sala ya ekaristi ikifika kwenye kuwaombea viongozi, tega sikio: akitajwa Baba Mtakatifu, uko Katoliki. Pia soma kibao cha nje. Wakatoliki wana "Jimbo", Waanglikana na Walutheri wana "Dayosisi", na kwa Walutheri utakuta neno "usharika".

Kosa la pili ni miaka. Askofu Edward Steere wa UMCA alifika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa, wakakomea hapo. Huo ni mwaka wa misheni, si wa jengo unalolipiga picha. Vivyo hivyo kwa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki: misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Ndanda ilianzishwa mwaka 1906. Ukiuliza, uliza maswali mawili tofauti: misheni ilianza lini, na jengo hili lilijengwa lini. Ukiuliza moja tu utajibiwa la kwanza, kwa sababu ndilo watu wanalojivunia.

Kwa mwenye siku chache, Ndanda inafaa katikati ya wiki, maana watawa wanasali mara kadhaa kila siku na huhitaji kusubiri Jumapili. Iko kwenye barabara kuu ya Masasi, basi linakushusha hapo hapo. Mtwara mjini usiache Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, lenye picha za Biblia ukutani zilizochorwa na Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani. Nenda mchana pasipo ibada, omba ruhusa parokiani, zima mwanga wa kamera, kisha kaa. Picha hizo hazisomeki kwa dakika tano.

Ratiba ihakikishe siku moja kabla, kwa mtu wa kanisa lenyewe. Wasabato ni Jumamosi, kwa hiyo wikiendi moja inatosha makanisa mawili au matatu, ila usijaribu manne: ibada ya Kipentekoste haina haraka ya kuisha, na kuchomoka katikati ya mahubiri kunaonekana vibaya kuliko kutokwenda kabisa.

Beba noti za 1,000 na 2,000 na sarafu za 500. Sadaka huweza kupita zaidi ya mara moja, na mwenye noti moja ya 10,000 huishia kutoa yote au kukaa na aibu. Kwa Walutheri, mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje baada ya ibada: kuku, mayai, korosho. Mikono itulie, usije ukaondoka na jogoo hujui utamweka wapi kwenye basi.

Wageni wakiitwa kusimama, sentensi tatu zinatosha: jina, unakotoka, kanisa lako. Salamu nayo ina mahali pake. "Tumsifu Yesu Kristo" hujibiwa "Milele, amina" kwa Wakatoliki. Kwa Walutheri na Wapentekoste anza na "Bwana Yesu asifiwe". Komunyo ya Wakatoliki usiifuate kama si Mkatoliki. Kwingine muulize mzee wa kanisa kabla ya ibada, si ukiwa kwenye foleni.

Daftari lisifunguliwe wakati wa sala. Andika vichwa vya habari wakati wa matangazo, ambapo hakuna anayekushangaa, na matangazo yenyewe ndiyo habari: ujenzi umefikia wapi, nani anaoa, jumuiya ipi haijaleta mchango. Majina ya wanaodaiwa michango yaache palepale. Ya kwaya na ya viongozi yahakiki kwa katekista au katibu, herufi kwa herufi, kabla basi halijaondoka.