Fimbo ya kutembelea kwa mwenye MS: mkono gani?

Umeuliza kama mama mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa unaoathiri ubongo na uti wa mgongo) ashike fimbo upande wa mguu dhaifu. Hapana, ashike kwa mkono wa upande wenye nguvu, kisha fimbo na mguu dhaifu vitangulie pamoja. Urefu: akisimama mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe mara moja, maana hapo ndipo fimbo huteleza.

Ila wenye MS wengi hujikwaa kwa sababu ncha ya mguu haiinuki vizuri, hasa wakichoka au mwili ukipata joto. Tatizo hilo, fimbo pekee hailiponyi. Mwoneni mtaalamu wa fiziotherapia, huenda mama akahitaji kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Mazoezi yawe ya vipindi vifupi, penye ubaridi. Na tafadhali, usiku njia ya msalani iwe na taa.