Maswali yenu: nivae nini siku ya usaili?

Nimeitwa kwenye usaili wa uhasibu Dar es Salaam. Sina suti, nina shilingi 30,000 tu. Rafiki yangu ananiazima yake, ila yeye ni mnene kuliko mimi. Niichukue?

Usiichukue, ndugu yangu. Suti inayopwaya inaonekana tangu mlangoni, nawe utakaa mbele ya jopo unavutavuta mabega badala ya kusikiliza swali. Nenda soko la mitumba la Karume asubuhi, belo linapofunguliwa, utafute shati jeupe la mikono mirefu na suruali nyeusi ya kitambaa. Shati lielekeze kwenye mwanga: tazama kwapani kama pana umanjano, kisha kunjua ukosi uone kama umelika kwenye mkunjo. Muuzaji atakwambia umanjano utatoka ukifua. Rudisha, chagua lingine. Pesa inayobaki mpe fundi cherehani apunguze kiuno na kupandisha pindo, suruali isikanyagwe na kisigino. Kwa nafasi ya kuanzia kazi, shati lililonyooshwa vizuri na tai vinatosha kabisa.

Ukibahatika kupata koti, angalia bega kwanza. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Mikono na ubavuni fundi hupunguza, lakini kurekebisha bega ni karibu kulifumua koti zima. Na tafadhali, bandua lebo ya mkononi, ukate na ule uzi wa msalaba unaofunga mpasuo wa nyuma. Vijana wengi huuacha wakidhani ni urembo, kumbe kiwanda huuweka ili koti lisijikunje safarini.

Naishi Mbagala, usaili ni Posta saa 2 asubuhi. Nikishuka kwenye daladala huwa nimelowa.

Panda daladala na fulana, shati libebe kwenye hanga. Fika mapema, msalimie mlinzi kwa heshima umwombe choo, jifute kwa kitambaa chenye maji, kisha subiri jasho likauke kabla ya kuvaa. Singilendi ya pamba ndani husaidia. Epuka shati la kijivu au bluu ya anga, maana tone moja tu linaonekana. Manukato weka kidogo sana: chumba ni kidogo na madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Shikamoo. Mimi navaa baibui. Nibadilishe?

Marahaba, mwanangu. Usibadilishe. Mtandio wa rangi moja, uubane kwa pini usikushughulishe.

Kazi ya serikali, jinzi safi inakubalika?

Iache nyumbani. Utumishi wa umma una waraka wake wa mavazi tangu 2007, na wanaokusaili wanaishi nao kila siku kazini.

Mimi ni fundi umeme, nimeitwa usaili wa vitendo. Nivae tai?

Hapana, na hili nalisema kwa uzito. Vaa shati la pamba la mikono mirefu, suruali ngumu na buti zenye soli ya mpira. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Pete, saa na cheni vua kabla hujaingia, kwa kuwa chuma hupitisha umeme. Ningekuwa kwenye jopo lako, ningeanza kukupa alama kabla hujashika bisibisi.