Uniti za LUKU zinaisha haraka: jinsi ya kumjua mlaji kwa kutumia mita yenyewe

Mkuu, umesema LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 20,000 ilikuwa inakufikisha mwisho wa mwezi, sasa haimalizi wiki mbili, na umeshaambiwa kwamba mita ni mbovu na kwamba uwe unachomoa chaja za simu. Mita mbovu zipo, ila kwa uzoefu wa kazi hii ya ufundi umeme ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kabla hujaomba ibadilishwe, kagua mambo mawili: bei unayouziwa, na mahali uniti zinapokwenda. Yote unaweza kuyajua jioni moja kwa kutumia saa ya simu yako tu.

Anza na meseji ya manunuzi. Bei za majumbani ni zile zilizoanza Aprili 2016. Mteja mdogo, yule wa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, zikizidi hapo kila uniti ni 350. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, kwa hiyo mfukoni uniti ya D1, hadi ile ya 75, inakutoka 122 na ya T1 inakutoka kama 356. Sasa piga hesabu: 20,000 ya D1 inakupa uniti kama 100, ya T1 inakupa 56. Ukihamishwa kutoka D1 kwenda T1 bila kugundua, uniti zako zinapungua karibu nusu ingawa hujaongeza hata balbu moja. Dalili uliyoieleza inafanana sana na hiyo. Nunua ya 5,000 ambayo si ya kwanza ndani ya mwezi: kama hujavuka uniti 75 mwezi huo, ukipata uniti karibu 41 uko D1, ukipata 14 uko T1. Anayehamishwa ni yule anayevuka 75 mara kwa mara, na mfumo unahesabu unachonunua ndani ya mwezi. Kwa hiyo aliye D1 asinunue akiba ya mwezi ujao.

Nimesema isiwe ya kwanza ndani ya mwezi kwa sababu ya kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Ghorofa ni zaidi. Kama kuna miezi hukununua, deni lake linakusubiri, na manunuzi ya kwanza yanaonekana kama umeibiwa. Soma mistari yote ya meseji, usiishie kwenye tokeni.

Bei ikiwa haijabadilika, nenda kwenye mita. Usoni kuna kitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake kumeandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Hiyo ni idadi ya mimweko kwa uniti moja. Pima sekunde kutoka mmweko mmoja hadi unaofuata, kisha gawanya: mita ya 1000, chukua 3,600 ugawe kwa sekunde, ya 1600, chukua 2,250, ya 3200, chukua 1,125. Jibu ni wati zinazotumika nyumba nzima wakati huo. Mfano, mita ya 1000 inayomweka kila baada ya sekunde 36 inasoma wati 100. Ikimweka haraka sana, pima mimweko kumi halafu gawa kwa kumi. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una rimoti ya kuingizia tokeni tu, soma uniti zilizobaki, subiri saa moja bila kubadilisha chochote, soma tena.

Kipimo cha kwanza: zima na chomoa kila kitu, lakini sakiti breka zote ziache zimewaka. Kitaa kinatakiwa kitulie kabisa. Kikiendelea kumweka, shusha breka moja moja, kila moja ukisubiri dakika mbili, hadi kitulie. Breka iliyokituliza ndiyo yenye mlaji. Mara nyingi utakuta taa ya nje iliyosahaulika, pampu, hita ya maji iliyounganishwa bila soketi, au kwenye nyumba za kupanga, waya uliopitishwa darini kwenda chumba cha jirani. Kama umeshusha meni swichi kabisa na mita bado inamweka, hapo ndipo suala la mita au waya ulio kabla ya meni swichi linaanza kuwa la kweli. Ripoti TANESCO, na usiruhusu mtu yeyote afungue mita.

Kuna mlaji mwingine asiyeonekana: umeme unaovuja kwenda ardhini, kwa kawaida kupitia koili ya hita iliyopasuka au waya uliolowa ndani ya ukuta. Mita nyingi za siku hizi hupima waya zote mbili, kwa hiyo unachovuja unakilipia. Uvujaji wa ampea 0.2 tu ni wati 46 usiku na mchana, yaani uniti 33 kwa mwezi, karibu 11,800 kwa bei ya T1. Swichi ya RCD, ile yenye kitufe cha T inayokata umeme unapovuja, ikiwa ya miliampea 30 ingekata umeme muda mrefu kabla ya hapo. Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote tabia ya kuiruka RCD kwa kipande cha waya eti "inasumbua". Inasumbua kwa sababu inaona kitu. Kinachovuja leo kwenye uniti kesho kinampata mtoto bafuni. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA atenganishe hiyo sakiti na kuipima.

Nyumba ikiwa safi kwenye kipimo hicho, washa kifaa kimoja kimoja na uone mmweko unavyobadilika. Utagundua kwamba uniti zinaliwa na vitu vya aina tatu: vinavyopasha joto, vinavyopoza, na vinavyowaka usiku kucha. Chaja haimo. Kujaza simu ya 5000 mAh ni shilingi kama 9 kwa T1. Runinga ya LED ya inchi 32 kwa saa sita ni kama shilingi 100. Cha kuchomoa hapo sebuleni ni king'amuzi, maana vingi hata ukivizima kwa rimoti vinaendelea kula. Chenye kula wati 12 saa zote ni shilingi 3,000 kwa mwezi.

Friji ndiyo inayostahili muda wako. Namba kwenye kirekebisho chake si nyuzi joto, ni nguvu ya kupoza, kwa hiyo 7 si "wastani". Weka katikati. Mpira wa mlango upime kwa noti: ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya joto inaingia hapo mchana na usiku. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha ulainishe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, ukishindikana, badilisha. Iache nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima iyeyuke yenyewe, usichokonoe kwa kisu.

Halafu sikiliza kompresa. Inatakiwa ifanye kazi, ipumzike, irudi. Isiyopumzika kabisa, na ukifungua friza unakuta barafu imeshika kona moja tu huku upande mwingine mkavu, gesi imepungua. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kulipa fundi mara mbili. Friji nzuri ndogo inazunguka kwenye uniti moja kwa siku. Ikivuka mbili, ina tatizo.

Taa za nje wengi hawazihesabu kabisa. Balbu ya waya ya wati 100 kwa saa 12 kila usiku ni uniti 36 kwa mwezi, karibu 12,800. LED ya wati 10 hapo hapo ni uniti 3.6. Kama una fedha ya balbu mbili tu mwezi huu, anza na za nje.

Maji ya kuoga: hita ya bafuni ya papo kwa papo ya wati 5,500 inakula uniti 0.9 kwa dakika kumi, shilingi kama 330 kwa mtu mmoja. Wanne wakioga mara moja kwa siku ni karibu 40,000 kwa mwezi. Joto la Dar es Salaam halidai hivyo. Iweke hatua ya chini au izime kabisa. Kwa Njombe na Makete najua ni suala jingine. Hita ya tanki la lita 50 inahitaji uniti mbili kutoka nyuzi 25 hadi 60, na ukiiacha imewaka siku nzima inapasha tena joto linalopotea. Washa kama saa moja na nusu kabla ya kuoga, kisha zima.

Jikoni, maharage kwenye jiko la sahani ya umeme kwa saa mbili yanaweza kula uniti mbili, hasa sufuria ikiwa imebonyea chini na kugusa sahani pembeni tu. Presha kuka ya umeme, na maharage yakiwa yamelowekwa usiku, hayafiki nusu uniti. Kwa mtu anayepika maharage, makande na nyama ngumu kila wiki, hicho ndicho kifaa kimoja ambacho ningemshauri anunue.

Pampu: ikiwaka yenyewe usiku wakati hakuna anayetumia maji, angalia boya la tanki la choo kabla ya kuilaumu. Choo kinachovuja kimya kinamaliza maji na uniti kwa pamoja. Weka rangi ya chakula kwenye tanki, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, badilisha mpira wa chini.

Kiyoyozi hukukitaja. Kama kipo, safisha vichujio, weka nyuzi 25 au 26, na tumia feni pamoja nacho.

Ukishapima, andika hapa namba ya imp iliyo kwenye mita, sekunde ulizopata vitu vyote vikiwa vimezimwa, sekunde friji ikiwa peke yake, na uniti ulizopata kwa 5,000. Kwa hizo nne nitaweza kukuambia uanzie wapi.