MASWALI YENU: Mbona mume na mke wa nyumba kubwa ya Kikorea walilala majengo mawili?

Meseji za wiki hizi karibu zote zimetoka kwa watu wanaoangalia zile tamthilia za Kikorea za mavazi ya zamani, za enzi ya ufalme wa Joseon ulioanza 1392 ukaisha 1910, na mnachouliza ni kimoja mnakizunguka tu, zile nyumba zimepangwaje na mbona watu wa humo kila saa wanavuka ua, wanapita geti, wanainama mlangoni. Hizi nyumba nazipenda sana kwa hiyo nimekaa nikajibu kwa kirefu, nimechukua maswali sita.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi naona bwana ana jengo lake na bibi ana lake, sio vyumba tofauti, majengo kabisa, na katikati kuna ukuta. Ni kwamba wamegombana au ndo kawaida yao?

Marahaba mdogo wangu. Hawajagombana, nyumba yenyewe ndo ilijengwa hivyo, tena kwa makusudi. Wenye nyumba hizi waliitwa yangbani, yaani lile tabaka la wasomi na maofisa wa serikali waliopata cheo kwa mitihani ya taifa, na walishika mafundisho ya Konfusio, yule mwanafalsafa wa kale wa China, kwa nguvu zote. Kuna fundisho moja linasema mtoto wa kiume na wa kike wakishafika miaka 7 wasiketi pamoja. Sasa chukua sentensi hiyo moja uigeuze kuwa kuta na mageti, utapata nyumba ya yangbani.

Mbele karibu na geti kuu kuna sarangche, jengo la wanaume. Hapo ndo baba anakaa, anasoma, anaandika, anapokea wageni, anafundisha wanawe na kulala ni hapohapo. Ndani zaidi, ukishavuka geti la pili, kuna anche, jengo la wanawake, na huko ndo kuna jiko, stoo, mama mwenye nyumba, wakwe, mabinti na watoto wadogo wote. Mtoto wa kiume analelewa anche na mama yake alafu akifika kama miaka 7 hivi anahamishiwa kwa baba, na mimi kila nikifikiria usiku wake wa kwanza kule mbele namwonea huruma. Mwanaume wa nje haingii anche kabisa. Hata mwenye nyumba mwenyewe akikaribia lile geti la kati anakohoa kwanza, na hicho kikohozi ndo hodi yake, ili walioko ndani wajiweke sawa.

Na mume anamwona mkewe vipi? Anamtembelea usiku, na nyumba nyingi ziliwekewa mlango wa pembeni au kijia chembamba cha kuunganisha majengo mawili ili apite bila watoto na wafanyakazi kugeuka kuwa watazamaji.

Kuna nyumba moja mjini Nonsan, ya msomi Yun Jeung aliyeishi kati ya 1629 na 1714, ambayo kwangu inaeleza haya mambo kuliko kitabu chochote. Ukipita geti la kuelekea anche unakutana na ukuta wa mbao umekuziba uso, huoni ndani hata kidogo, inabidi upinde pembeni. Lakini chini ya ule ukuta wameacha nafasi, kwa hiyo mwanamke aliyekaa kwenye sakafu ya ukumbi kule ndani anaona viatu vya anayekuja, na kwa viatu tu anajua ni mgeni wa namna gani, ni wa heshima au wa kawaida, ajiandaeje. Yaani yule anayefichwa ndo anaona wa kwanza. Hapo tuwe wakweli, sheria ilikuwa nzito kwa wanawake na wengi walimaliza ujana wao nyuma ya kuta hizo, ila aliyejenga nyumba hii aliwafikiria.

SWALI: Nimesikia tajiri aliruhusiwa kuwa na vyumba 99 tu manake 100 ni vya mfalme. Kweli hiyo?

Watu wanasema hivyo sana hata huko Korea kwenyewe, lakini sheria iliyoandikwa ilikuwa kali kuliko hapo. Kwanza tuelewane, kinachohesabiwa sio chumba ni kani, yaani nafasi iliyo kati ya nguzo nne, chumba kimoja kinaweza kuwa kani mbili au tatu na ukumbi nao unahesabiwa, hadi stoo. Mwaka 1431 wakati wa mfalme Sejong ikatoka amri kwamba mwana wa mfalme na malkia mwisho kani 60, wana wengine wa mfalme na mabinti zake 50, ofisa wa daraja la pili kwenda juu 40, daraja la tatu kushuka chini 30, na mwananchi wa kawaida 10. Kwa hiyo kwa sheria hata mtoto wa mfalme hakuzigusa hizo 99! Baadaye watu wenye uwezo walivuka mipaka wakajenga majumba makubwa sana na hapo ndo usemi wa kani 99 ukakaa midomoni.

Amri hiyohiyo ilikataza pia kupaka nguzo na dari zile rangi za kijani na nyekundu mnazoziona kwenye ikulu na mahekalu. Ndo maana nyumba ya yangbani hata awe tajiri namna gani unaona mbao tupu, udongo, karatasi na vigae vya kijivu. Kujionyesha kulifanyika kwenye geti, paa lake linanyanyuliwa juu kuliko mapaa ya pembeni, sababu wanayotoa ni kwamba ofisa akirudi amekaa juu ya kiti chake cha kubebwa apite bila kuinama.

SWALI: Mbona hakuna vitanda wala viti, na baridi ya kule naskia ni ya theluji?

Kwa sababu moto uko chini ya sakafu. Mfumo unaitwa ondoli. Nje ya chumba chini kuna tundu la kuwashia kuni, moshi na joto vinapita kwenye njia zilizojengwa chini ya mawe mapana, vinatokea upande wa pili kwenye bomba la moshi, na yale mawe yakishapata moto yanakaa na joto lake usiku mzima. Juu ya mawe kuna udongo, alafu karatasi nzito iliyopakwa mafuta, ndo ile sakafu ya njano inayong'aa. Sasa sakafu ikiwa ya moto hivyo kitanda cha nini, wanatandika godoro chini usiku, asubuhi linakunjwa linawekwa, chumba cha kulala kinakuwa cha kulia na cha kusomea.

Na ujue jiko limebanana na chumba cha mama mwenye nyumba kwa sababu hiyo, moto wa kupikia wali ndo huohuo unapasha sakafu yake, hata sakafu ya jiko imechimbwa chini kidogo ili joto lipande. Sehemu iliyo karibu na moto ndo ya moto kuliko zote na ilikuwa ya mzee au mgeni, mtoto hata akitetemeka hakai pale mkubwa akiwepo, mpaka aambiwe sogea.

Kwa majira ya joto kuna ukumbi wa mbao katikati, haupashwi moto, upande mmoja uko wazi kwenye ua na upepo unapita hadi chini ya mbao. Milango ya vyumba baadhi inanyanyuliwa inaning'inizwa darini na nyumba inafunguka yote. Chini ya paa moja wana jibu la baridi na jibu la joto, na hili mimi naliona ni akili kubwa sana.

SWALI: Dada, huyu mkwe kwenye tamthilia ninayoangalia anadai funguo za stoo kama anadai ufalme. Funguo tu!

Mpenzi, usiseme funguo tu. Ile stoo ndo mchele wote, nguo, nafaka za mwaka mzima, ndo chakula cha watu labda hamsini. Mwenye funguo ndo anaamua leo kinapikwa nini na nani anapewa. Mama mkwe alikaa kwenye chumba kikuu cha anche kilicho karibu na jiko, mke wa mtoto wa kwanza akakaa chumba cha upande wa pili wa ukumbi, wanaangaliana hivi kila siku ya Mungu. Siku mama akiona mkwe amekomaa, au nguvu zimemwishia, anahama yeye kutoka chumba kikuu na kumpisha mkwe, na funguo zinakabidhiwa. Sehemu za Gyeongsang, kusini mashariki mwa Korea, tendo hilo lina jina lake kabisa, kukabidhi chumba cha ndani. Wanawake walisubiri siku hiyo miaka ishirini, thelathini.

Kazi yenyewe ilikuwa ni nini? Wenyewe walisema kazi za nyumba kubwa ni mbili, kuwatunza mababu na kupokea wageni. Nyuma ya nyumba, juu kuliko majengo yote, kuna kijumba kidogo chenye ukuta wake kinaitwa sadangi, humo kuna vibao vya mbao vyenye majina ya vizazi vinne vilivyotangulia. Kila mmoja na mke wake wana siku yao ya kumbukumbu, ya usiku wa manane, na chakula kinapangwa kwa utaratibu usiobadilishwa, hapo hujaweka mwaka mpya wala sikukuu ya mavuno. Mtoto wa kwanza ndo anaongoza ibada, lakini anayepika na kupanga meza ni mke wake. Halafu wageni wa bwana kule mbele wanaendelea kula na yeye hawaoni hata sura! Ndo maana mimi nikiona picha za majumba haya jicho langu linaenda jikoni kwanza, sifa wamepewa waliokaa mbele na vitabu ila nyumba ilisimama kwa mikono ya nyuma.

Ngoja niwape na hii. Kijiji cha Yangdong kina nyumba ya ukoo wa Son inaitwa Seobaekdang, ya karne ya 15, na inasimuliwa kwamba mtaalamu wa kusoma ardhi alitabiri watazaliwa watu wakubwa watatu hapo. Wa kwanza akazaliwa, Son Jungdon. Wa pili, Yi Eonjeok, mwanafalsafa mkubwa aliyezaliwa 1491, alikuwa mtoto wa binti wa nyumba, kwa hiyo jina lake likaenda ukoo wa Yi. Tangu hapo, wanasema, binti aliyeolewa haruhusiwi kuja kujifungulia kwao, ili yule wa tatu asije akaondoka na ukoo mwingine. Wanamsubiri mpaka leo.

SWALI: Hao matajiri waliwasaidia masikini au walijifungia tu na mageti yao?

Wapo wa kila aina, lakini nitawaambia wawili. Unjoru, nyumba iliyojengwa 1776 kule Gurye, ina pipa la mbao lililochongwa kwenye gogo, na kwenye kifuniko chake cha chini kumeandikwa maneno yanayomaanisha mtu mwingine yeyote anaweza kufungua. Mwenye njaa anakuja anafungua anachukua mchele anaondoka, na pipa liliwekwa mahali ambapo hataonana uso kwa uso na wenye nyumba, asione aibu. Wanasema hata bomba la moshi walilifanya fupi ili wasiokuwa na cha kupika wasiuone moshi wa wengine.

Wa pili ni ukoo wa Choe wa Gyeongju, walikuwa na kanuni za nyumba, mfano usinunue ardhi mwaka wa njaa, maana mtu anauza kwa shida, pokea wageni vizuri, asife mtu kwa njaa ndani ya ri 100, kama kilomita 40 hivi, na mke mpya avae nguo za pamba miaka 3 ya kwanza. Hiyo ya ardhi ndo inanigusa kuliko zote.

Lakini msisahau jengo refu la kando ya geti, hilo lilikuwa la watumwa na watumishi. Walirithishwa kama mali na mtoto alizaliwa mtumwa. Utumwa huo na matabaka vilifutwa kisheria mwaka 1894.

SWALI: Bado zipo? Naweza kuingia?

Zipo na nyingine bado zina wenyewe. Vijiji vya Hahoe na Yangdong viliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2010. Malkia Elizabeth wa Pili alienda Hahoe 1999 akavua viatu kabla ya kuingia nyumba ya Chunghyodang, na nyie vueni, pale kwenye jiwe la kupandia ndo pa kuviacha. Uani mwa watu usichungulie vyumba, mlango ukifungwa umefungwa.

Ukifika mji wa Andong usiache nyumba ya Imcheonggak, ya 1519. Mwenye nyumba Yi Sang-ryong aliwaachia huru watumwa wake akahamia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, 1911 na familia nzima kupigania uhuru wa Korea kutoka kwa Japani, na watawala wa Kijapani wakaja wakapitisha reli mbele ya nyumba, sehemu ya majengo ikabomolewa. Treni zilipita pale mpaka mwisho wa 2020, ndo reli ikahamishwa. Sasa ukisimama ukumbini unauona tena mto.