Nani alianza injini ya mvuke, Watt au huyu mwingine?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi ni fundi wa pampu hapa Tororo, tunabishana gereji tangu juzi. Wenzangu wanasema injini ya mvuke aliibuni James Watt baada ya kuona kifuniko cha birika kinarukaruka, mi nilisikia kuna jamaa alimtangulia anaitwa Newcomen. Nani mkweli, na kama ni huyo mbona hajulikani?
Fundi, Tororo

JIBU: Fundi, salama kabisa. Wewe ndo uko sawa, wakununulie soda. Watt kazaliwa 1736, Newcomen alishafariki 1729, na tayari injini zake zilikuwa zinapiga kazi migodini, sasa hiyo ya birika ni hadithi tamu tu.

Thomas Newcomen alikuwa muuza vifaa vya chuma pale Dartmouth, Uingereza, na pia mhubiri wa Wabaptisti. Upande ule kuna migodi ya bati, na shida ya mgodi ni moja, ukichimba chini sana maji yanajaa, na farasi wa kuyavuta wanakula pesa. Yeye na mwenzake John Calley wakahangaika miaka mingi mpaka 1712 mashine yao ikasimama kwenye mgodi wa makaa ya mawe karibu na Dudley, ikawa inapiga mara 12 kwa dakika na kila mara inatoa kama lita 45 kutoka chini karibu mita 47.

We kama mtu wa pampu utapenda hapa: mvuke wenyewe hausukumi chochote! Unaingia kwenye silinda, wanarushia maji baridi humo ndani, mvuke unageuka maji, ndani panabaki patupu, basi hewa ya nje ndo inaishindilia pistoni chini, na boriti kubwa juu inacheza kama mbembea, upande wa pili unainua pampu. Ukibisha, chukua chupa ya plastiki, tia maji ya moto, tikisa, mwaga, funga haraka halafu ipoze, itajikunja mbele ya macho yako.

Jina la Newcomen lilipotelea kwenye hataza, yaani karatasi ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake. Mvumbuzi mwingine, Thomas Savery, alikuwa nayo tangu 1698, inabana kila namna ya kuinua maji kwa moto, mpaka 1733, kwa hiyo Newcomen ilibidi afanye kazi chini ya karatasi ya mtu. Watt alikuja kukutana na hii mashine 1763, alipopewa modeli yake airekebishe Chuo Kikuu cha Glasgow, akaona silinda ileile kuchemshwa na kupozwa kila mara ni kuchoma makaa bure, akatenga chombo cha kupozea mvuke pembeni. Kazi kubwa, sikatai, ila aliboresha.

Na moja ya nyongeza ya gereji: kwa vile inategemea uzito wa hewa, mashine ya Newcomen ukiileta Tororo, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ingepoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Hiyo nayo wabishanie mpaka jioni.