Maswali ya Wasomaji: Polisi Akikosea, Raia wa Lubumbashi Anakwenda kwa Nani?

Barua za safari hii zimetoka karibu zote Lubumbashi, na ingawa kila mwandishi ana kisa chake, ndani yake kuna swali moja: ni nani anayemsimamia polisi wa mtaa wetu, na sisi raia tuna mkono gani katika usimamizi huo? Tumechagua nne. Majina tumeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

Mwanangu wa miaka 19 alikamatwa jioni akitoka kuchaji simu kwa jirani. Nilipofika kwenye kituo niliambiwa nilete pesa kabla ya usiku kuingia, la sivyo angepelekwa parke na huko mambo yangekuwa makali zaidi. Nililipa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya unga. Sikupewa karatasi yoyote. Ninaogopa kulalamika, kwa sababu kituo hicho hicho ndicho tutakachokimbilia siku wezi wakituvamia. Juu ya komanda yuko nani? – Mama K., Katuba

Mama K., pole sana. Nianze na lile neno ulilotishwa nalo, kwa maana ndilo lililokutoa pesa mkononi. Kupelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, si adhabu. Kifungu cha 18 cha Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kuwasiliana papo hapo na jamaa zake au wakili wake. Na kwamba polisi hawezi kumshikilia zaidi ya saa 48, ambazo zikiisha ni lazima ama amwachie ama amkabidhi kwa mamlaka ya sheria. Afisa wa upelelezi, yule tunayemwita OPJ, anafanya kazi hiyo chini ya uangalizi wa mwendesha mashtaka wa Jamhuri. Kwa hiyo anayekuambia ulipe ili mwanao asipelekwe parke anakuomba, kwa maneno mengine, umsaidie kuificha kazi yake isionwe na mkubwa wake.

Kuhusu pesa yenyewe, sheria inamruhusu OPJ kupokea jambo moja tu linalofanana na hilo, nalo ni faini ya maafikiano kwa makosa madogo, ambayo huingia katika hazina ya serikali na mlipaji hupewa stakabadhi. Dhamana ya kumtoa mtu kwa muda huamuliwa na parke au na hakimu, kamwe si kwenye meza ya kituo. Pesa uliyotoa bila karatasi, Mama, haikuwa faini wala dhamana. Ulinyang'anywa.

Hapa nina jambo la kukueleza nililolishuhudia kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimfuata mdogo wangu kwenye kasho, chumba cha mahabusu, ya kituo kimoja cha mjini. Alikuwa amekamatwa saa kumi na mbili jioni, nami nilifika kesho yake saa nne asubuhi. Daftari la waliokamatwa lilikuwa la kawaida, la watoto wa shule, lenye jalada lililochanika, na jina lake halikuwamo. Askari wa zamu alichukua kalamu mbele yangu, akaandika jina, kisha akaangalia saa yake ya mkononi na kuandika saa nne na dakika kumi. Usiku mzima ukafutika. Saa 48 za Katiba zilianza kuhesabiwa kuanzia dakika ile niliyosimama pale, na laiti nisingekuja, sijui zingeanza lini.

Ndiyo maana ninawaomba wasomaji wote washike desturi hii: mtu wenu akikamatwa, papo hapo mtumieni ujumbe wa simu shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, au jirani anayeaminika, mkitaja jina, mahali na saa. Ujumbe huo hubaki na saa yake, na hakuna kalamu ya kituo inayoweza kuusogeza.

Sasa nijibu ulichouliza. Juu ya komanda kuna milango zaidi ya mmoja. Kama kosa ni kumshikilia mtu kinyume cha sheria, peleka malalamiko parke, kwa sababu mwendesha mashtaka ndiye msimamizi wa OPJ. Kama ni kosa la jinai lililotendwa na polisi mwenyewe, yaani kupiga, kunyang'anya au kutesa, kifungu cha 156 cha Katiba kinawaweka askari wa polisi chini ya mahakama za kijeshi, kwa hiyo barua yako inakwenda oditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi. Raia wengi hawalijui hilo, na wengine wanazungushwa kwa miezi kati ya milango miwili kwa sababu tu hakuna aliyewaambia. Iko pia Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ambayo ina ruhusa ya kutembelea mahali watu wanapofungiwa. Na usiseme huna pesa ya wakili: chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo.

Hofu yako ni ya kweli na sitaidharau. Usiende peke yako. Nenda na mama wengine ambao wamefanyiwa hivyo hivyo, maana sidhani kama katika avenue yenu wewe ndiwe wa kwanza, na barua yenye sahihi kumi haimtoi mtu mmoja mbele ya bunduki.

Polisi walikuja kumtafuta kaka yangu, hawakumkuta, wakamchukua baba. Walisema atatoka kaka akijileta. Je, sheria inaruhusu? – J., Ruashi

Hapana. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema wazi kwamba kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mtu mwingine. Baba si rehani. Liandikeni neno hilo hilo katika barua kwa mwendesha mashtaka na muipeleke siku hiyo hiyo, mkitaja kifungu kwa nambari yake.

Chama chetu cha akina mama wauza mboga katika komini Kenya, sehemu ya mji wetu, kimesikia kwamba liko baraza ambamo raia wanakaa pamoja na polisi. Mpwa wangu anayeishi Chicago ananiambia kwamba kule watu wanawapigia kura wajumbe wa kusimamia polisi wa eneo lao. Je, kwetu inawezekana, au ni ndoto? – Mama N., mwenyekiti

Mama mwenyekiti, mpwa wako hakukudanganya. Mwaka 2021 mji wa Chicago ulipitisha sheria yake ya kuunda mabaraza katika wilaya zake 22 za polisi, kila baraza likiwa na watu watatu waliochaguliwa na wakazi, na kura ya kwanza ilipigwa Februari 2023. Lakini muulize pia kuhusu upande wa pili: wajumbe hao wanaitisha mikutano ya hadhara na kupeleka sauti za watu, ila hawamchunguzi polisi aliyekosea. Kazi hiyo ina ofisi yake tofauti, ya kiraia. Karibu nasi zaidi, nchi ya Kenya (wala si komini yako, Mama) iliunda kwa sheria ya mwaka 2011 mamlaka ya kiraia inayochunguza vifo na majeraha makubwa yanayosababishwa na polisi, na Afrika Kusini nayo ina chombo chake cha namna hiyo.

Kwetu, sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 iliyopanga upya Polisi ya Taifa ilileta wazo la polisi wa ujirani, na mwaka 2013 likafuata agizo la serikali la kuunda baraza ambalo kwa Kifaransa hufupishwa CLSP, nami ninaliita Baraza la Usalama wa Ujirani. Ndani yake mkuu wa eneo, ambaye katika komini ni bourgmestre, anakaa na mkuu wa polisi, idara nyingine za serikali na wajumbe wa jamii, ili wachunguze pamoja ni nini kinachowatisha wakazi na kupanga la kufanya. Tafadhali msilichanganye na kamati ya usalama, ile ambayo wakuu na idara za usalama hukaa peke yao, mlango ukiwa umefungwa. Mkiambiwa ofisini kwamba mambo ya usalama ni ya siri, ulizeni kwa adabu: ni ya kikao kipi? Bukavu, pamoja na Matadi na Kananga, ilikuwa miongoni mwa miji ambako polisi wa ujirani alijaribiwa kwanza, kwa hiyo jambo hili si geni nchini.

Niseme wazi ninavyoliona. Baraza hili ni jema lakini ni dhaifu. Linaweza kuuliza na kushauri. Haliwezi kumwadhibu askari wala kulifungua daftari la kasho kwa nguvu. Mwenyekiti wake ni mtu wa serikali, na asipoliitisha, raia anabaki barazani kwa ndugu zake akinung'unika. Ukaguzi uliomo ndani ya polisi wenyewe hautoshi kuijaza nafasi hiyo. Mimi ninaamini kwamba nchi yetu inahitaji chombo cha kiraia chenye uwezo wa kuchunguza, na kwamba si haki mama aliyenyang'anywa pesa na askari awe na mlango wa mahakama ya kijeshi peke yake. Hadi siku hiyo ifike, tutumie tulichonacho, na tunacho kingi kuliko tunavyodhani.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuiandikia mamlaka ya umma ombi rasmi, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Mwandikieni bourgmestre ukurasa mmoja, usizidi. Ulizeni Baraza litakutana lini na nani amewakilisha akina mama. Kisha wekeni mambo mawili au matatu mnayoyajua kwa karibu, na si malalamiko ya jumla. «Polisi wanatusumbua» ni maneno ambayo mkuu yeyote atayakubali kwa kichwa na kuyasahau kabla ya chakula cha mchana. Lakini mkiandika kwamba kila alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kwenye njia panda fulani, mama anayebeba mboga ya lenga-lenga kichwani anasimamishwa na kudaiwa pesa bila kupewa karatasi, na kwamba mmehesabu siku kumi na nne mfululizo, mkuu wa polisi atalazimika kusema ni askari gani waliokuwa zamu pale. Andikeni pia mnachokitaka: doria ihamie kwenye kona isiyo na taa ambako wezi wanapora, badala ya kusimama penye mwanga ambako wauzaji wanapita.

Fanyeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili irudi nanyi ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Karani akisema muhuri haupo, kaeni mmsubiri mwenye muhuri. Miezi mitatu inahesabiwa kuanzia tarehe ile.

Mimi ni polisi, na ninasoma ukurasa huu. Mnatuandika kama vile hatuna mama wala watoto. Karatasi ya kuandikia PV, yaani hati ya maelezo ya kesi, tunajinunulia. Jioni mkubwa wangu anataka kila mmoja wetu alete kitu, na asiyeleta anahamishiwa mahali pabaya. Nifanye nini? – Msomaji asiyetaka kutajwa

Ndugu, asante kwa kuandika. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unachokieleza kinanionyesha kwamba pesa ya unga ya Mama K. huenda haikulala kwenye mfuko wa yule aliyeipokea. Ndiyo maana usimamizi wa raia unakuhusu wewe pia: unaanza na askari wa kwenye njia panda, lakini usipopanda hadi kwa anayeidai hesabu ya jioni, utakuwa umemwonea mdogo.

Kumbuka pia kwamba hofu ya watu wa mji huu haikuanza na wewe. Tarehe 9 Desemba 1941, mji ukiitwa bado Élisabethville, askari wa Force Publique, ambalo lilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja, waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliokuwa wamegoma, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na makumi waliuawa. Kuna jamaa ambamo habari hiyo imepita kutoka babu hadi mjukuu. Anayekuona umevaa sare anaona pia waliokutangulia, na kumpa mtu salamu kabla ya kumwomba kitambulisho si jambo dogo.

Kuhusu amri ya mkubwa wako: kifungu cha 28 cha Katiba kinasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria, na kinamtaja hata mtumishi wa serikali. Lakini kifungu hicho hicho kinaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya anayekataa. Kwa hiyo usikatae kwa mdomo mbele ya wenzako halafu ukabaki mikono mitupu. Weka daftari lako nyumbani, si kituoni: tarehe, saa, kiasi ulichodaiwa, mahali, na nani alikuwepo. Likifika ukurasa wa kutosha, tafuta ushauri kwa wakili kabla ya kulipeleka popote, na hata huku kwetu usilitume, kwa maana bahasha hufunguliwa na watu wengi.

Mwisho, unauliza pembeni mwa barua yako kama polisi wa cheo cha chini anaweza kulifikia Baraza la komini. Anayekaa humo kwa jina la polisi ni mkuu wako. Lakini kuhusu ukosefu wa karatasi na wa daftari la kasho lenye kurasa zilizohesabiwa, akina mama wa komini Kenya wanaweza kuuliza kwa niaba yako katika barua ile ile wanayoiandaa, na ninawaomba waongeze mstari huo.