Tongo za kijani kwa mtoto wa paka

Dada, umeuliza kama tongo za kijani za huyo mtoto wa paka uliyemwokota zitaisha zenyewe, au umtie matone ya macho ya binadamu. Hapana, kwa kipaka kidogo kama hicho tongo za kijani si za kungoja ziishe zenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, ukichelewa sana kesho asubuhi. Vitongo vikavu vya rangi ya kahawia anavyoamka navyo paka mzima, jicho likiwa safi na limefunguka vizuri, hivyo havina neno, unafuta tu. Ila tongo zikiwa nzito, za njano au kijani, jicho jekundu au analifumba moja, huo ni ugonjwa. Mara nyingi ni mafua ya paka, kirusi cha hapesi, kisha bakteria wanaingia juu yake. Wanaambukizana kwa chafya na kwa kula sahani moja, kwa hiyo huyo uliyemwokota Darajani mtenge na paka wako wa nyumbani.

Kope zikigandana, chovya pamba kwenye maji yaliyochemshwa yakawa ya uvuguvugu, iweke juu ya jicho mpaka tongo zilainike, ndiyo ufute kutoka pembe ya puani kwenda nje. Kila jicho na pamba yake. Usibandue kwa ukucha.

Na hayo matone ya binadamu uliyoshauriwa, tafadhali usimtie. Baadhi yana steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, na kama kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kina kidonda, yanakizidisha, jicho linaweza kutoboka. Nimefuga paka tangu utotoni na nimeona jicho likipotea hivyo. Ukiona utando mweupe juu ya mboni, au amekataa kula, usingoje hata usiku mmoja, mpeleke kwa daktari.